Mali kwa Daftari: Kichekesho Kichungu cha Ousmane Sembène

Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa madukani na majumbani, na sisi tuliopata bahati ya kusoma tumeichukua kuwa ni sifa yetu wenyewe: mwenye kalamu hulinda, asiye na kalamu hupoteza. Katika makala haya nataka kuitazama picha moja ya sinema ambayo yaigeuza methali hiyo kichwa chini miguu juu. Katika picha hiyo mali yaja kwa daftari, yapita katika daftari, na katika daftari hiyo hiyo yapotea, tena mchana kweupe, na habari zake zajulikana mtaa mzima. Jina la picha ni Mandabi, mtengenezaji wake ni Ousmane Sembène wa Senegal, na mwaka wake ni 1968.

Picha hii aghalabu husifiwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba yahesabiwa kuwa picha ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Mwafrika wa kusini ya Sahara katika lugha ya Kiafrika. Sifa hiyo ni haki yake. Walakini sifa ya kuwa wa kwanza ina hatari: humfanya mtu aheshimiwe bila ya kutazamwa. Sembène ameitwa baba wa sinema ya Afrika mara nyingi mno hata wengi wetu twamwendea kama tuendavyo kumwamkia mzee, kwa adabu na kwa haraka, kisha twaondoka. Nadhani anastahili zaidi ya hayo. Anastahili kubishaniwa.

Alizaliwa Ziguinchor, katika nchi ya Casamance, mwaka 1923, mwana wa mvuvi. Shule aliiacha angali mdogo baada ya kugombana na mkuu wake. Dakar alifanya kazi za mikono, uashi ukiwa mmojawapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari katika jeshi la Wafaransa. Kisha akavuka bahari akawa mpakuzi wa meli katika bandari ya Marseille, na huko akaingia katika chama cha wafanyakazi na chama cha kikomunisti. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956, na ile iliyomletea jina kubwa, Les bouts de bois de Dieu, juu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa 1947 na 1948, ilitoka mwaka 1960. Kwa hiyo alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza sinema, alikuwa mtu wa karibu miaka arobaini, mwandishi mwenye vitabu. Hakwenda kwa kukosa kazi. Alikwenda kwa sababu aliona kwamba watu aliowaandika hawakuweza kumsoma.

Jambo hili ndilo msingi wa yote nitakayosema. Mtu aliyejifundisha kuandika kwa taabu, akafaulu, kisha akatambua kwamba kalamu yake imemtenga na mama yake, hawezi kuitazama karatasi kwa jicho jepesi. Sembène alikuwa akiiita sinema shule ya jioni. Wengi wamelichukua neno hilo kuwa na maana ya kwamba picha zake ni mafunzo. Mimi nalichukua kwa maana nyingine: shule ya jioni ni ya wale ambao shule ya mchana iliwafungia mlango.

Tuitazame hadithi yenyewe. Ibrahima Dieng ni mtu mzima wa Dakar, ana wake wawili, Mety na Aram, ana watoto saba, na hana kazi. Ana kanzu pana nzuri, ana mwendo wa mtu mkubwa, na ana deni dukani kwa Mbarka. Siku moja tarishi wa posta aleta barua kutoka Paris. Mpwa wake Abdou, ambaye hufagia njia za mji ule, amempelekea hawala ya posta ya faranga 25,000. Katika hizo, 2,000 ni za Dieng, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 zilizobaki ziwekwe akiba mpaka Abdou atakaporudi. Msomaji aziangalie hesabu hizi vizuri, maana mtaani hakuna azifuataye. Mtaa wote wasikia kwamba Dieng amepata fedha, na kabla jua halijatua wakopaji wamekwisha kufika.

Dieng aenda posta. Karani ataka kitambulisho. Dieng aenda polisi kutafuta kitambulisho. Polisi wataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Dieng aenda baraza la mji kutafuta cheti cha kuzaliwa. Huko aulizwa alizaliwa lini, naye ajua tu kwamba ilikuwa karibu na mwaka 1900. Mpiga picha achukua fedha zake na picha hazipatikani. Alipodai haki yake alipigwa hata pua ikatoka damu. Mapambo ya mkewe yawekwa rehani. Mwishowe jamaa yake mmoja, Mbaye, kijana msomi, mwenye suti na motokaa, ajitolea kumsaidia. Dieng atia sahihi hati ya kumfanya Mbaye kuwa wakili wake. Mbaye achukua fedha posta, kisha amwambia kwamba zimeibwa mfukoni. Dieng arudi nyumbani na mchele aliopewa kumnyamazisha, augawa mlangoni kwa kila mwenye kunyosha mkono, na kusema kwamba tangu leo naye atakuwa mbwa mwitu kama wengine, kwa kuwa uaminifu umekuwa kosa.

Hiyo ndiyo hadithi, nayo yaonekana kuwa ya huzuni tupu. Lakini picha hii ni kichekesho, na watazamaji hucheka. Swali langu ni hili: wacheka nini, na kicheko chao chawapeleka wapi?

Mwanzoni twamcheka Dieng mwenyewe, wala hapana shaka kwamba Sembène ataka tumcheke. Picha yafunguka chini ya mti, vinyozi wakiwa kazini, na wembe waingia hata katika tundu za pua ya Dieng kuzisafisha. Kisha arudi nyumbani na kula. Wake zake wamekopa chakula kwa nguvu ya habari ya hawala, naye hajui. Ala kwa taratibu, ateuka, anyosha miguu, ahudumiwa kama sultani, ndipo aambiwapo habari ya barua. Mchezaji Makhouredia Guèye afanya haya yote kwa utulivu mkubwa, bila ya kuomba kicheko, na kwa sababu hiyo kicheko chaja. Twamcheka kwa kuwa heshima yake ni ya nguo na tumbo. Ni mtu ambaye huamuru nyumbani na hutii barazani.

Hapa kuna ujuzi wa mtengenezaji ambao yafaa wanafunzi wauone. Sembène angeweza kutupa mtu mwema asiye na doa, akaonewa, nasi tukamlilia. Tungelia, tukafuta machozi, tukaenda zetu. Badala yake atupa mtu mwenye majivuno, mkali kwa wake zake, mwenye kusema uongo mdogo anapobanwa. Twaanza kwa kumdharau. Dharau hiyo ni mkopo, na baadaye twatakiwa kuulipa.

Saa ya malipo ni katika ofisi ya baraza la mji. Karani amwuliza Dieng siku ya kuzaliwa kwake. Yeye ajibu kwa mwaka wa kukisia, na karani amwondoa kama mtu anayempotezea wakati. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha hii katika ukumbi wetu wa mihadhara. Walicheka sana Dieng alipokuwa akila, walicheka kidogo alipokuwa posta, hapa walinyamaza. Nadhani walinyamaza kwa sababu walitambua jambo ambalo picha haikulisema kwa maneno. Mtu huyu amesimama mbele ya dirisha, mwili mzima, ndevu na kanzu, jirani zake wamjua, msikiti wamjua, na anaambiwa kwamba hayupo mpaka karatasi itakaposema kuwa yupo. Ile heshima ya nguo na tumbo tuliyoicheka, kumbe ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo. Tulipoicheka tulikuwa tumesimama upande wa karani.

Jambo la pili lililo la ufundi ni habari ya uongo unaogeuka kuwa kweli. Dieng alipopigwa kwa mpiga picha na kurudi na damu, wake zake walipata hila. Walitangaza mtaani kwamba ameshambuliwa na kuibiwa zile fedha, ili wakopaji waache kuja. Dieng mwenyewe hakuipenda hila hiyo. Lakini siku chache baadaye Mbaye amwambia maneno yale yale, kwamba fedha zimeibwa, na sasa Dieng hana njia ya kulalamika, maana mtaa ulikwisha kuambiwa zamani. Wanawake walitunga hadithi kwa ajili ya kuilinda nyumba, na msomi akaitunga hiyo hiyo kwa ajili ya kuibomoa. Tofauti ni kwamba hadithi ya wanawake ilikuwa ya mdomo tu, ilhali ya Mbaye ilikuwa na sahihi ya Dieng chini yake. Katika tanzia za kale mtu hukimbia neno la mtabiri akakutana nalo njiani. Hapa mtabiri ni mke mwenye akili na njaa, na hukumu hutolewa na wakili.

Baada ya picha kwisha, mwanafunzi mmoja aliinuka akasema kwamba fundisho lake ni wazi: lau Dieng angalisoma, yasingalimpata haya. Wengi walikubali. Ni jawabu la adabu, na ndilo ambalo mwalimu hutazamiwa kulifurahia. Lakini silo. Katika picha hii msomi mkubwa ni Mbaye, na Mbaye ndiye mwizi. Makarani wanajua kusoma, na kusoma kwao ndiko wanakomfukuzia mzee. Yule mwandishi wa barua aliyekaa karibu na posta ajua kusoma, naye hamsomei Dieng barua ya mpwa wake ila kwa ujira. Elimu katika Mandabi haikosekani. Iko tele, nayo yauzwa kwa vipande vidogo vidogo kama chumvi dukani.

Nataka kukiri jambo hapa, kwa kuwa nisipolikiri sitakuwa nimeitazama picha kwa haki. Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu bibi mmoja mzee alikuwa akiniita nimsomee barua za mwanawe aliyekuwa mbali. Nilisoma, naye akaniomba nirudie pale palipotajwa fedha, nikarudia. Kila mara alinipa shilingi, na kila mara niliipokea. Hakuna aliyenikataza, wala sikufikiri kwamba nafanya ubaya. Lakini nilipomwona yule mwandishi wa barua akimdai Dieng ujira wake, niliikumbuka shilingi ile, na niliona kwamba swali la picha hii halimhusu Dieng peke yake. Latuhusu sisi tuliokaa upande wa pili wa dirisha. Mwanafunzi aliyesema kwamba Dieng angalisoma alikuwa akijiandaa, bila ya kujua, kuwa karani.

Sasa niseme juu ya lugha. Hadithi hii iliandikwa kwanza kwa Kifaransa, ikachapishwa na Présence Africaine mwaka 1966 kwa jina la Le Mandat pamoja na hadithi nyingine, Vehi-Ciosane. Sembène alipotaka kuifanya picha alipata msaada wa fedha kutoka mfuko wa serikali ya Ufaransa, na ikabidi kutengenezwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiwolofu. Kwa watu wengi habari hii ni ya historia tu. Kwa mchambuzi ni kiini cha jambo. Katika kitabu, Dieng asema Kifaransa, kwa sababu kitabu ni cha Kifaransa. Na Dieng ni mtu asiyejua Kifaransa. Msomaji wa kitabu lazima akumbuke jambo hilo kwa nguvu, maana ukurasa haumwonyeshi. Katika picha ya Kiwolofu hakuna haja ya kukumbuka. Nyumbani watu wasema lugha yao. Dieng akifika dirishani Kifaransa chaanza, nasi twasikia mlango ukifungwa. Lugha ya serikali yawa kama sauti ya karatasi yenyewe.

Hata jina la picha lasema hayo. Mandabi ni neno la Kifaransa, mandat, lililotiwa kiambishi cha Kiwolofu. Neno lilikuja pamoja na kitu, na watu wakalivalisha nguo za kwao, lakini kitu chenyewe hawakukipata. Sisi katika Kiswahili twasema hawala, neno tulilolipokea kwa Waarabu na wafanya biashara wa bahari kabla posta haijafika. Tofauti hii si ndogo. Hawala ya kale ilitegemea uso na jina: mtu alimjua mtu. Hawala ya Dieng yategemea muhuri. Ndiyo maana naona kuwa wanafunzi wa Kiswahili waweza kuifahamu picha hii kwa njia yao wenyewe, bila ya kuazima macho ya Ulaya, nao wakumbuke kwamba mtengenezaji wake, aliyekuwa na jina katika Kifaransa, alishiriki mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na Pathé Diagne katika kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu. Hakulipigania jambo hili kwa maneno ya majukwaani peke yake.

Mandabi ikiwekwa kati ya kazi zake nyingine, vitu viwili vyaonekana kurudi tena na tena: karatasi na mchele. Katika Borom Sarret ya mwaka 1963, picha fupi ya kiasi cha dakika ishirini, mwenye mkokoteni ampakia mtu aliyebeba maiti ya mtoto wake mchanga. Mlangoni mwa makaburi wakataliwa kwa kuwa karatasi hazikukamilika, na maiti yaachwa chini. Katika La Noire de... ya mwaka 1966, iliyopewa tuzo ya Jean Vigo, Diouana, mtumishi wa Kiafrika katika nyumba ya Wafaransa huko Antibes, apokea barua iliyoandikwa kwa jina la mama yake, na bwana wa nyumba aanza kumwandikia jawabu ambalo si lake. Diouana aichana barua, na baadaye ajiua. Picha hizo mbili hazina kicheko. Karatasi ndani yake ni ukuta tu. Katika Mandabi ndipo Sembène alipogundua kwamba ukuta huo una upuuzi pia, na kwamba upuuzi wautisha kuliko machozi.

Tangu hapo, kwa maoni yangu, kazi zake huwa na nguvu kila kicheko kinapokuwamo. Emitaï ya mwaka 1971 ni hadithi ya huzuni ya Wadiola wa Casamance wakati wa vita, walionyang'anywa mchele wao na jeshi la Wafaransa na wanawake wao wakaketishwa juani. Lakini kumbukumbu iliyo kali katika picha hiyo ni ile ya askari mweusi anayetazama tangazo la Pétain likiondolewa na kuwekwa la de Gaulle, akastaajabu jinsi jenerali wa nyota mbili anavyoweza kumwondoa mkubwa mwenye nyota saba. Swali la mjinga ambalo hakuna mwenye akili awezaye kulijibu: hiyo ndiyo silaha aliyoipata kwa Dieng.

Xala, riwaya ya mwaka 1973 na picha ya mwaka 1975, ni Mandabi iliyogeuzwa upande wa pili. Safari hii twaingia nyumbani kwa Mbaye, amezeeka na kutajirika, jina lake sasa ni El Hadji Abdou Kader Beye. Aoa mke wa tatu na usiku wa harusi nguvu za kiume zamtoka. Twamcheka bila ya huruma, mpaka tunapojua sababu: alimdhulumu jamaa yake ardhi ya ukoo kwa kubadili majina katika karatasi, na yule aliyedhulumiwa ni kipofu mwombaji aliyekuwa akiimba chini ya dirisha la ofisi yake siku zote. Hata kufukuzwa kwake na wafanya biashara wenzake kwatokana na mchele wa umma aliouuza kwa siri. Mwisho waombaji wamtemea mate mwili mzima. Dieng aligawa mchele mlangoni kwake kwa uchungu. El Hadji apewa mate nyumbani kwake. Ni hesabu moja, imeandikwa katika kurasa mbili.

Serikali nayo haikukosa kuchangia katika kichekesho. Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa nchini Senegal kwa miaka kadhaa, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kwamba jina lake limeandikwa kwa herufi d mbili badala ya moja. Rais alikuwa Léopold Sédar Senghor, mshairi na mjuzi wa sarufi. Picha yenyewe yahusu mapambano ya dini na watawala katika zama za biashara ya watumwa, na kila mtu alijua kwamba ugomvi haukuwa wa herufi. Lakini mtu aliyetunga habari za Dieng hakuweza kushangaa alipoambiwa kwamba karatasi zake hazikukamilika.

Katika miaka ya baadaye alitengeneza, pamoja na Thierno Faty Sow, Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, juu ya askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao kamili. Guelwaar ya mwaka 1992 yarudia kichekesho cha ofisi kwa namna ya kutisha: maiti ya Mkristo yatolewa kwa makosa na kuzikwa makaburi ya Waislamu, na vijiji viwili vyakaribia kupigana kwa sababu ya kosa la karani. Mwisho wake magunia ya chakula cha msaada yamwagwa njiani na watu wapita juu yake. Mchele wa Mbaye, naona, umeonekana tena, na safari hii haukupokewa. Picha yake ya mwisho, Moolaadé ya mwaka 2004, ilipata tuzo huko Cannes katika fungu la Un Certain Regard. Alifariki Dakar mwezi Juni 2007.

Nimesifu, na mchambuzi anayesifu tu ni mpambe. Mandabi ina kasoro, na kubwa iko mwishoni. Dieng akisha kusema kwamba atakuwa mbwa mwitu, tarishi wa posta amjibu kwamba mambo yatabadilishwa, na kwamba watakaoyabadilisha ni yeye, wakeze, watoto wake, na watu wote. Maneno haya ni mema, na yamkini ni ya kweli, lakini hayakutoka katika hadithi. Yule tarishi aliingia mwanzoni kama mtu wa kazi, na mwishoni avikwa joho la khatibu. Sembène, aliyekuwa ameutegemea ujinga wa Dieng dakika zote zile, hakuutegemea mpaka mwisho. Aliogopa kwamba tutaondoka na hasira isiyo na njia. Mimi naamini kwamba mchele uliomwagika ulikuwa umekwisha kusema yote, na kwa nguvu zaidi.

Wapo watakaonijibu kwamba msanii asiyetegemea malipo ya mtu, aliyesimamisha kampuni yake mwenyewe, Filmi Domirev, ili asiamriwe, ana haki ya kusema alitakalo wazi. Ni kweli ana haki. Nasema tu kwamba palipo na haki na ufundi, ufundi ndio unaobaki katika kumbukumbu. Hakuna mwanafunzi wangu aliyerudia maneno ya tarishi. Wote waliikumbuka pua iliyotoka damu.

Kasoro ya pili ni ndogo, nayo ni ya kutojali zaidi kuliko ya kutojua. Mety na Aram ndio wenye akili katika nyumba ile. Wao hukopa, hupika, hutunga hila, hulinda. Lakini picha yawatazama kwa macho ya mumewe na kuwaacha jikoni mara tu hila yao inapokwisha kazi. Ilimchukua Sembène miaka mingi kulilipa deni hilo kwa ukamilifu, na alilipa katika Faat Kiné na Moolaadé, ambamo wanawake wa namna ile ndio wenye hadithi.

Lipo jambo moja la mwisho. Katika La Noire de..., mwalimu wa mtaani anayemwandikia barua mama yake Diouana achezwa na Sembène mwenyewe. Hakujiweka mahali pa mteswa, wala hakujiweka mahali pa hakimu. Alijiweka katika kiti cha mwenye kalamu, yule ambaye maneno ya wengine hupita mikononi mwake, na ambaye hawezi kuapa kwamba hayakuharibika njiani. Sioni kiti kingine kitufaacho sisi tunaofundisha na tunaojifunza fasihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, wala siwaombi wanafunzi waitupe methali. Nawaomba wakumbuke kuuliza daftari i mikononi mwa nani, na yule aliyesimama nje ya dirisha, mwenye kanzu pana na mwaka wa kuzaliwa wa kukisia, amengoja tangu lini.